Mbona hatuvuki Darajani?

Nilizaliwa Mwembetanga, Ng'ambo, upande wa pili wa barabara ya Darajani, na kwa miaka sita niliwatembeza wageni Mji Mkongwe wa Zanzibar bila kuwavusha hata siku moja upande wa kwetu. Hakuna aliyenikataza. Ndivyo nilivyowakuta wenzangu wakifanya, nami nikafuata: unaanzia Forodhani, unawapitisha Beit al-Ajaib na Ngome Kongwe, unawapeleka Shangani kwa mwanamuziki Freddie Mercury, unakata vichochoro hadi Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa, unamalizia sokoni Darajani wakanunue viungo. Saa mbili na nusu, kazi imekwisha. Pale barabarani ndipo nilipokuwa nikiagana nao, nao wakirudi hotelini, mimi nikivuka kwenda nyumbani.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Januari, nilipata familia kutoka Muscat. Walikuwa wanne: bibi wa miaka sabini hivi, binti yake, na wajukuu wawili wa kiume walioongea Kiswahili cha kuungaunga. Lakini bibi alipofungua kinywa nilisikia Kiunguja ambacho sijakisikia tangu bibi yangu mzaa mama afariki.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe mtoto wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

"Hapa wapi? Mjini au Ng'ambo?"

Nikamwambia Ng'ambo. Akanishika mkono akasema, "Vizuri," na hakuuachia mkono mpaka tulipofika kwenye bustani.

Binti yake alikuwa ameniandikia mapema kwamba hawataki matembezi ya kawaida. Walitaka muziki na bahari, kwa sababu babu yao mzaa bibi alikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia kwenye jahazi, na nyumbani kwao taarab haikukatika. Mimi niliona ni jambo rahisi. Habari za taarab ninazo, za majahazi ninazo, nitazichomeka humo humo njiani. Basi tulipofika Forodhani nikasimama mbele yao, mgongo nimeupa bahari, nikaanza kama nilivyozoea: "Muziki wa taarab ulianzishwa hapa Zanzibar na Siti binti Saad."

Bibi aliniacha nimalize yote. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapo umeruka."

Neno hilo lilinikaa. Hakusema nimekosea, wala hakunisuta mbele ya watu. Alisema nimeruka, yaani kuna watu nimewapita juu kwa juu. Na kweli nilikuwa nimewapita. Taarab iliingia kwa Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Yeye ndiye aliyewaalika wanamuziki wa Misri waje kumburudisha kasrini, na akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi. Mohamed aliporudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwan Safaa, ndugu wanaopendana, wakaagiza vyombo vyao Misri, na kikundi hicho kinapiga mpaka leo. Wakati huo wote nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na waliokaa kuzisikiliza walikuwa watu wa mjini wenye nafasi zao. Siti alizikuta. Alichofanya ni kuzichukua akazivusha kwenye Kiswahili, na akazivusha pia kwenye barabara ile ambayo mimi nilikuwa siivuki.

Hayo mengine niliyajua baadaye kwa kusoma na kuuliza. Siku ile bibi alinieleza kwa sentensi tatu tu, kisha akasema, "Tuanze upya. Tuanzie Malindi, zilikofikia ngoma zenyewe."

Tukarudi nyuma. Tukapita mbele ya kasri, tukapita Mtini, ule mti mkubwa ambao mafundi wa vyombo walikuwa wakijistiri kivulini mwake, tukaingia Malindi kwenye bandari ya majahazi. Sikuwahi kupeleka wageni pale. Kuna harufu ya ng'onda na ya matope, wachukuzi hawana muda wa kukupisha, na niliona hapapendezi kupiga picha. Maji yalikuwa yamekupwa. Majahazi mawili yalikuwa yamekaa juu ya magadi, yaani miti ya kuegemezea chombo, ubavu umetoka wote nje, na fundi mmoja alikuwa amechuchumaa chini ya moja akikalafati, akiziba mianya ya mbao.

Ningependa nieleze alivyokuwa akifanya, maana nimekulia mji huu na sikuwahi kusimama kuangalia. Mkono wa kushoto ameshika patasi butu, wa kulia nyundo ya mbao. Pajani amelaza utambi mrefu wa pamba uliolowekwa mafuta. Anauvuta utambi, anaugusisha kwenye mwanya baina ya mbao mbili kwa ncha ya patasi, kisha anapiga: moja nyepesi ya kuukalisha, mbili nzito za kuuzamisha. Anasogea upana wa kidole. Nyepesi moja, nzito mbili. Anasogea tena. Kazi ikiisha, chini ya maji chombo kitapakwa deheni, yaani shahamu na chokaa, na juu kitapakwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake ukiinusa mara moja huisahau.

Bibi alisimama. Vidole vyake vikaanza kugonga juu ya mkoba wake, pamoja na nyundo.

"Hiyo dumbak, ngoma ya taarab," akawaambia wajukuu. "Baba alikuwa akisema anayejua kukalafati, dumbak hafundishwi."

Mjukuu mdogo akamuuliza fundi kama huwa anahesabu. Fundi hakuacha kupiga. Akajibu, "Nahesabu kwa sikio. Nikipoteza hesabu najua nimeruka mahali, na nikiruka mahali usiku bahari itanionesha."

Tulikaa pale karibu saa nzima. Bibi aliwaeleza wajukuu zake mambo ambayo mimi mwongoza watalii nilikuwa nikiyasikia kwa mara ya kwanza yakiwa yamepangika. Majahazi makubwa ya Ghuba na ya Hadhramaut yalishuka na kaskazi, upepo unaovuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa tatu, yamejaa tende, chumvi, papa, mazulia na makasha. Nahodha alikuwa hana njia ya kurudi mpaka kusi ianze, mwezi wa nne. Kwa hiyo mabaharia walikaa. Walikaa wiki, walikaa miezi, wakaoa, wakauza, wakakosana na kupatana, na jioni wakapiga ngoma zao ufukweni. Upepo ndio uliowalazimisha watu kukaa pamoja muda wa kutosha kujifunziana nyimbo. Hili sikuwahi kulifikiria. Nilikuwa nikisema kila siku kwamba Zanzibar ni mchanganyiko wa Waafrika, Waarabu, Wahindi na Waajemi, kama mtu anayesoma orodha ya vitu dukani, bila kueleza kilichowaweka mahali pamoja. Kilichowaweka ni kungoja kusi.

Akawaeleza pia kuhusu kimai, wimbo wa mabaharia. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, kwenye jahazi kubwa haupandi mlingotini kwa nguvu za watu wawili. Wanaume wanajipanga kwenye kamba, mmoja anatoa, wengine wanaitikia, na kila kiitikio ni mvuto mmoja. Wimbo ukivurugika, mzigo unarudi chini. Akaimba kidogo, sauti ndogo ya kikohozi, mistari miwili, na mchukuzi mmoja mzee aliyekuwa amebeba kiroba cha mkaa akaitikia bila kugeuka, akaendelea na safari yake. Binti wa bibi alishika mdomo.

Nikamuuliza bibi kama alishawahi kurudi tangu waondoke. Akasema hapana. Waliondoka mwaka 1964, yeye ana miaka tisa. Sikuuliza zaidi, naye hakusema zaidi kuhusu hilo. Alisema tu, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Wajukuu hawakuelewa, akawaonesha kwenye jahazi lile lile: nyuma ni tezi, mbele ni omo, na kule chini tumboni, maji yanakokusanyika yakatekwa, ndiko ngamani.

Kutoka Malindi tuliingia vichochoroni, na sasa nilikuwa nimenyamaza zaidi kuliko ninavyosema. Kwenye nyumba moja kongwe mlango ulikuwa wazi, mwenyewe akatukaribisha ukumbini. Bibi akatuambia tutazame juu. Dari lilikuwa limebebwa na boriti za mikoko, zimepangana kama mbavu. Boriti hizo zinatoka kwenye mikoko ya Rufiji na pwani nyingine za huku, na zilikuwa shehena kubwa ya kurudi nayo Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni haba. Ziliuzwa kwa korija, ishirini ishirini. Boriti nzuri iliyonyooka haizidi sana mita tatu, na ndiyo sababu vyumba vya zamani vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba. Mjukuu mkubwa akapima upana kwa hatua: nne fupi. Kuna vyumba Muscat na Kuwait vyenye upana huo huo, kwa miti hiyo hiyo. Nilikuwa nimewaingiza wageni kwenye nyumba kama hizo mara mia, nikawaonesha mlango wa nakshi na misumari ya shaba, tukatoka.

Mbele ya Beit al-Ajaib hatukusema sana. Jumba hilo la Barghash, lililojengwa 1883, lilikuwa fahari yetu, la kwanza kuwa na taa za umeme katika Afrika Mashariki. Ndani ya ua wake kulikuwa na mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, kilichojengwa ili watu wasisahau kwamba huku mbao zilishonwa kama nguo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba ikaanguka, watu wawili wakapoteza maisha. Kila nikipita na wageni huwa natamani kupita haraka. Bibi alisimama akasoma Fatiha, nasi tukainua mikono.

Baharini palepale mbele ya jumba, mwaka 1896, ndipo ilipozamishwa HHS Glasgow, meli ya Sultani, katika ile vita ya Waingereza isiyofika hata saa moja. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini kwa miaka. Nikaeleza hilo, na safari hii sikuruka.

Shangani tulipita kwa sababu wajukuu walitaka. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury, alizaliwa mji huu tarehe 5 Septemba 1946 na akapelekwa angali mdogo shule ya bweni Panchgani, India. Wageni wengi huishia kupiga picha mlangoni. Bibi akauliza swali moja: "Na Siti alikwenda kurekodi wapi?" Nikajibu Bombay, mwaka 1928, kampuni ya His Master's Voice. "Basi," akasema. Hapo ndipo nilipoona njia niliyokuwa naipita kila siku bila kuijua. Mji huu kwa karne nyingi ulikuwa jirani wa Bombay kuliko ulivyokuwa jirani wa London. Siti, mfinyanzi wa Fumba, na Freddie, mtoto wa karani wa Kiparsi, kila mmoja kwa wakati wake, alitazama upande ule ule wa bahari kwenda kutafuta lake.

Tulifika Darajani alasiri. Kama kawaida yangu nikasimama kando ya barabara, nikawashukuru, nikaanza maneno ya kuaga. Bibi akatazama upande wa pili.

"Mbona hatuvuki?"

Nikasema ziara inaishia hapa. Akaniuliza inaishia hapa kwa sababu gani. Nilitafuta jibu. Nilitaka kusema kwamba kule hakuna vya kuona, na neno likanikwama kooni, kwa sababu kule ndiko aliko mama yangu, ndiko nilikojifunza kutembea, na ndiko Siti alikokuwa akiimba nyumbani kwake usiku baada ya usiku, watu wamejaa mpaka nje.

Barabara ile ilikuwa maji. Ilikuwa ghuba ndogo ya bahari, pwani ndogo, ikikupwa na kujaa, imeutenga Mji Mkongwe na sehemu nyingine ya kisiwa, na daraja lililokuwa juu yake ndilo lililoacha jina la Darajani. Ng'ambo ni ng'ambo ya maji. Waliokaa kule walikuwa wachukuzi, mabaharia, wavuvi, wapishi, mafundi, waliotoka utumwani na wana wao. Siti mwenyewe alipozaliwa Fumba aliitwa Mtumwa. Alikuja mjini mwaka 1911, alikuwa akiuza vyungu mitaani akivinadi kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyowafanya watu wageuke. Nyimbo zake zilikuwa na habari za mji: nani kadhulumiwa, hukumu gani imepita vibaya. Katika wimbo wa Kijiti aliimba kisa cha mwanamke aliyeuawa na aliyemuua akakimbilia Bara. Magazeti ya watu wasiojua kusoma, ndivyo mama yangu anavyoziita.

Basi watu waliobeba boriti zile begani, waliovuta foromali kwa kimai, waliopiga kalafati, jioni walivuka maji wakaenda kulala kwetu. Nami miaka sita nimewaonesha wageni nyumba za waliopokea shehena, sikuwahi kuwaonesha waliopakua.

Tukavuka. Sikuwa nimejiandaa na sikujua niwapeleke wapi, nikawapeleka nyumbani. Mama alitoka na kanga ya upishi, akaona wageni akataka kurudi kubadilisha, bibi akamzuia. Walikaa barazani wawili wale, kahawa na kashata katikati yao, na kabla kikombe cha kwanza hakijaisha walikuwa wamefika kwenye vyama vya taarab vya wanawake ambavyo mama zao walikuwa wafuasi wake: Nurul Uyun, Sahib el-Ary, hata kimoja kilichojiita Royal Navy. Wanawake wale walipigana vijembe kwa nyimbo, na wasikilizaji wakainuka kutunza palipowagusa, noti mkononi, wakicheza taratibu kuelekea kwa mwimbaji. Mama yangu anayajua haya yote. Miaka sita nimetafuta maarifa ya kazi yangu kwa watu wengine, na yalikuwa yanapika mchuzi jikoni kwetu.

Usiku tuliwapeleka kwenye mazoezi ya kikundi kimoja cha taarab. Mpigaji wa ganuni alivaa pete zake za chuma kwenye vidole vya shahada, akachomeka kijiti cha kudonolea kwenye kila moja, akaanza kulinganisha nyuzi, zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti. Kazi hiyo peke yake ilichukua robo saa na bibi hakuondoa macho. Wakaanza na bashraf, bila mwimbaji, fidla na nai na akodiani zikifuatana. Dumbak ilipoingia alinigusa goti. Sikuhitaji kuambiwa.

Tangu hapo ziara yangu ni nyingine. Inaanzia Malindi, na saa ya kuanza naipanga kwa maji, siyo kwa kifungua kinywa cha hoteli. Maji yakijaa hakuna magadi, hakuna kalafati, hakuna cha kuonesha. Fundi anapata fungu lake kila ninapoleta watu, kwa sababu muda wake ni kazi yake. Inaishia Mwembetanga barazani kwa mama, naye analipwa pia, ingawa mwanzoni alikataa kabisa kupokea fedha za mwanawe. Ni saa nne nzima, na wako wageni wanaokataa wakisikia urefu huo. Wenzangu kadhaa waliniambia nitapoteza soko. Nilipoteza kweli, msimu wa kwanza. Kuna kampuni iliyokuwa ikinipa watu kila wiki ikaacha, wakasema wageni wao hawakuja Zanzibar kutazama nyumba za bati. Iliniuma, na bado sikubaliani nao. Mtu akisikiliza taarab bila kujua nani aliibeba, amesikiliza nusu.

Mwezi wa nne mwaka ule, kusi ilipoanza, niliamkia Malindi mapema peke yangu. Yule fundi alikuwa kwenye jahazi jingine. Nikatoa simu, nikarekodi nyundo yake dakika mbili, sauti tupu bila maneno yangu, nikamtumia bibi Muscat. Jibu lilikuja baada ya sala ya adhuhuri, kwa sauti yake.

"Ahsante, mwanangu. Lakini karibu na mwisho hapo ameruka mahali. Mwambie arudi."

Nikarudi Malindi nikamwambia. Fundi alinitazama, akaniomba nimpigie ile rekodi, akaisikiliza sikio limegusa simu. Kisha akachuchumaa, akarudi nyuma kama dhiraa moja, akaanza kupapasa mwanya kwa ncha ya patasi.